Maranda ya Keko

Natoka lindo kumekucha, macho mekundu,
tochi imekata moto njiani,
napita uchochoro wa Yombo nikiruka maji ya kufulia.
Mimi narudi kulala; wao ndio kwanza wanaamka.
Jogoo ananitazama kama msimamizi wa zamu:
saa ngapi hii?

Nafungua. Wanatoka tisa, nahesabu tisa.
Kisha naingiza kichwa mwenyewe,
maana mkaguzi wa banda ni pua, si macho.
Ukisikia ukali unaokupanda hadi kwenye paji,
jua kinyesi na mvua vimefunga ndoa humo ndani,
na kifaranga hakohoi mara mbili.

Banda nimeligonga kwa mbao za paleti.
Dirisha ni rafu ya friji iliyokufa.
Sakafu nimeinyanyua juu ya matofali
tangu masika ya mwaka juzi,
yaliyotufundisha sote, watu na kuku,
kulala juu ya meza moja.

Mke wangu Siwema anasema:
"Kuku umewajengea mpaka ngazi.
Mimi jiko la nje unaniahidi tangu Mfungo Tatu."
Ana haki yake. Jibu sina.
Nachukua kiroba, naondoka kwenda Keko.

Kwa fundi Ndimbo maranda yananifika magotini.
"Hayo ya chini usizoe, ni vumbi tupu, yatawaziba vifua.
Ya mninga achana nayo, yanawasha.
Chukua haya ya mtiki, marefu,
yaliyojikunja kama nywele za kichanga."
Kitanda cha nani, fundi?
"Sita kwa sita. Cha mkubwa mmoja, Masaki,
geti jeusi, mbwa wawili, mlinzi mmoja msinziaji."
Akacheka.
Hakujua anacheka na nani.

Nikatandaza unene wa shibiri,
nikanyunyiza majivu pembeni kuwakomesha utitiri.
Mitetea wakachakura, wakajizika hadi shingoni,
wakafumba macho mchana kweupe
kama wenye nyumba za kupangisha.

Njiwa wa Siwema wako juu,
kwenye maboksi ya chai niliyopigilia chini ya paa.
Njiwa hadai godoro.
Anadai kimo, na nyumba isiyo na maneno makali:
siku tulipogombana kwa ajili ya ada ya Mwashamba
walihamia kwa jirani siku mbili,
na mtaa mzima ukajua.

Usiku ule, saa tatu, kirikuu kikapiga honi.
Nikafungua geti.
Nikashika mguu mmoja wa kitanda, wa kushoto,
tukakipandisha ngazini kimefungwa nailoni
mithili ya bibi harusi.
Bosi anatufuata nyuma: "Taratibu jamani,
msikikwaruze, hicho hakijalaliwa na mtu."

Kweli. Mtu, bado.

Nikarudi kibandani kwangu,
nikakunjua boksi langu la televisheni,
upande wa maandishi chini,
nikalaza rungu ubavuni, nikacheka peke yangu
mpaka mbwa wakainuka.

Asubuhi Siwema kasimama uani.
Hasemi kitu, ananionyesha kwa kidevu:
njiwa jike ameokota utepe mmoja wa mtiki
uliodondoka mlangoni pa banda,
mrefu kumzidi yeye.
Anaruka nao. Unamponyoka.
Anaushukia, anaugeuza, anaushika kwa katikati,
anaruka tena.

Nimesimama na ufunguo mkononi.
Tisa wananigongea kwa ndani.
Ngojeni kidogo.